Uwiano wa 0.11

Gramu ishirini za masizi zilifika Mpanda kwa treni mwezi wa Februari 1996, ndani ya chupa ya kioo iliyozungushiwa pamba na gazeti la lugha ambayo hakuna mtu pale stesheni aliyeijua. Karani wa vifurushi aliinua chupa ile kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza mara mbili.

"Mwalimu, huko Ulaya wameishiwa vitu vya kutuma?"

"Ni kaboni," Rozalia alisema.

"Kaboni gani? Hii mke wangu anaikwangua kwenye sufuria kila Jumapili, tena bure."

Rozalia alitia sahihi kwenye daftari na kuondoka na chupa yake. Hakubishana, kwa sababu karani hakuwa mbali na ukweli. Yalikuwa masizi. Tofauti ni kwamba yalitengenezwa maabara kwa kuunguza vijiti vya kaboni kwa umeme, na kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake ilikuwa molekuli ya namna ya peke yake: atomi sitini za kaboni zilizoshikana kwa umbo la mpira wa miguu. Kipenyo cha mpira huo hakifiki sehemu moja ya milioni ya milimita.

Wanasayansi kadhaa walikuwa wamejenga hoja juu ya umbo hilo. Kitu cha mviringo hubiringika. Ukitandaza mipira hiyo kati ya vyuma viwili vinavyosuguana, huenda chuma kikateleza juu ya kingine kama ekseli inavyozunguka juu ya gololi za beringi. Hoja ilikuwa nzuri. Vipimo vilivyochapishwa hadi wakati huo vilikuwa vichache na havikukubaliana.

Rozalia alifundisha fizikia na kemia katika shule ya sekondari upande wa Kawajense. Alizaliwa Usevya, nchi ya Mpimbwe, katika familia ya wakulima wa mpunga, akasoma Dar es Salaam, akapangiwa Mpanda na hakuhamishwa tena. Mwaka uliotangulia alimwandikia profesa mmoja wa Ulaya aliyekuwa akichunguza mipira hiyo, akaambatanisha mchoro wa kifaa cha kupimia msuguano kisichohitaji umeme. Profesa alijibu kwamba mchoro ulikuwa na akili. Alisema angetuma masizi, na kama vipimo vingekuwa safi, maabara yake ilikuwa na nafasi moja ya shahada ya uzamili kwa mwanafunzi kutoka Afrika, kuanzia Oktoba. Sharti mojawapo lilikuwa umri: mwombaji asiwe ametimiza miaka thelathini na mitano siku ya kuanza masomo.

Rozalia angetimiza miaka hiyo tarehe kumi na nne Novemba. Alikuwa ameomba nafasi mara mbili kwingineko na mara zote akakataliwa kwa kukosa utafiti wowote wa kuonyesha. Hii ilikuwa ya tatu na, kwa hesabu ya umri, ya mwisho.

Kifaa kilijengwa kwa fremu ya baiskeli. Pedali ilizungusha ekseli iliyobeba sahani ya chuma, na juu ya sahani iliegemea gololi moja ya beringi iliyobanwa isibiringike, ikakandamizwa kwa uzito wa kilo moja. Mizani ya springi ilisoma nguvu iliyokuwa ikiivuta gololi wakati sahani ikizunguka. Gawanya nguvu ya kuvuta kwa nguvu ya kukandamiza, unapata uwiano wa msuguano. Ukikaribia moja, chuma kinakwama na kukwanguana. Ukishuka hadi sehemu moja ya kumi, chuma kinateleza.

Sahani zilikuwa sita, zilizokerezwa na fundi wa Tabora kutoka kipande kimoja cha ekseli ya lori. Mwenye kuzungusha pedali alikuwa Telesphor, mhudumu wa maabara, Mbende wa Karema mwenye umri wa miaka hamsini na saba. Alijifunza kazi katika karakana ya misheni ya huko, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu akiwa kijana, na aliweza kuzungusha pedali mizunguko sitini kwa dakika bila kutazama saa.

Siku ya kwanza walipima vyuma vitupu, vilivyooshwa kwa petroli muda huohuo. Wastani wa sahani zote sita ulikuwa 0.58. Hiyo ndiyo namba iliyotajwa na vitabu kwa chuma kikavu, na Rozalia aliridhika kwamba kifaa kilisema kweli.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ya pili sahani zilikuwa na vidoa vya kutu.

"Mzee Telesphor, hazikukaushwa?"

"Zilikaushwa, Mwalimu. Ni hewa. Chuma kitupu mwezi huu hakilali salama." Alizichukua, akazisugua kwa msasa laini hadi zikang'aa. "Niachie mimi. Wewe andika namba zako. Chuma nakijua."

Kutu haikuonekana tena. Kuanzia siku hiyo utaratibu ulikuwa mmoja: jioni Telesphor aliosha sahani kwa petroli na kuzifungia kabatini, asubuhi Rozalia alizitoa, akapaka masizi kwa kipande cha ngozi, akapima. Katika daftari aliandika: *Sahani zilisafishwa kwa petroli na kuhifadhiwa kabatini.*

Kipimo cha kwanza chenye masizi kilikuwa 0.11.

Alikirudia. 0.12. Akabadilisha sahani. 0.11. Mizani ilikaa pale, sindano haitetemeki, na Telesphor akasema kwamba pedali imekuwa nyepesi kama inazunguka majini. Rozalia alirudia vipimo siku kumi na nane kati ya Februari na Aprili. Hakuna hata kimoja kilichozidi 0.13.

Habari zilienea shuleni. Ngusa, Msukuma aliyeleta kuni za jikoni kwa gari lake la ng'ombe, alisimamisha fahali wake nje ya maabara. Magurudumu ya gari lile yalilia kiasi kwamba kidato cha pili walijua kuni zimefika kabla hazijavuka barabara.

"We mla dagaa," alimwita Telesphor dirishani. "Nasikia mna dawa ya gurudumu humo ndani."

"Dawa ipo, lakini si ya Wasukuma. Nyie pakeni samli."

"Samli tunakula. Tunapaka mafuta ya ng'ombe aliyekufa, na nikikosa ng'ombe aliyekufa nitampaka Mbende."

"Mbende hana mafuta. Njaa mmetuletea nyie na mifugo yenu."

Ngusa alicheka, kisha akamgeukia Rozalia, uso wake ukiwa umebadilika. "Dada, kwa kweli lakini. Ekseli inakula mbao kila mwezi. Huo unga unauzwa?"

"Hauuzwi. Upo kidogo mno. Labda baada ya miaka."

"Miaka mingapi?"

"Sijui."

"Basi ukienda Ulaya waambie kuna mtu anasubiri," Ngusa alisema, akawapigia fahali mluzi.

Jedwali la vipimo liliondoka kwa posta mwishoni mwa Aprili. Jibu lilikuja Juni. Profesa aliandika kwamba namba hizo zilikuwa bora kuliko zake mwenyewe, kwamba alikuwa amezionyesha kwa wenzake, na kwamba kamati imempa Rozalia nafasi ile. Masomo yalianza tarehe mosi Oktoba. Barua ya kamati, yenye muhuri, ilikuwa ndani ya bahasha hiyohiyo.

Mwalimu Melkiadi, mkuu wa shule, aliisoma barua hiyo mbele ya wanafunzi wote na kuitafsiri sentensi kwa sentensi, pamoja na anwani. Kule Usevya paroko aliitangaza baada ya misa ya pili. Mama yake Rozalia alituma mchele debe zima kwa lori, na maneno kwamba asiuuze, ale, maana huko aendako watu wanakula mkate. Wizara ilikubali ruhusa ya masomo. Mwalimu wa kuchukua vipindi vyake alitajwa kwa jina.

Katika barua hiyo profesa aliomba jambo moja zaidi. Rozalia afanye mfululizo mwingine mmoja kwa uzito wa kilo mbili, kisha aje na daftari lenyewe.

Alianza Julai. Wiki hiyo Telesphor alifiwa na kaka yake Karema, akapewa ruhusa ya siku kumi na nne. Rozalia aliosha sahani mwenyewe, akazifungia mwenyewe. Pedali ilizungushwa na Donatille, mwalimu wa biolojia, ambaye alilalamika kuanzia mzunguko wa kwanza.

"Rozalia, ulisema laini. Hii ni kusaga mahindi."

"Endelea."

"Naendelea. Nakwambia tu kwamba ni kusaga mahindi."

Sindano ya mizani ilikuwa ikirukaruka. Gololi ilitoa sauti nyembamba ya kukwangua. Rozalia alisoma, akagawanya, akagawanya tena. 0.52.

Alirudisha uzito wa kilo moja. 0.54. Akabadilisha sahani, akabadilisha gololi, akaosha kila kitu upya na kupaka masizi upya. 0.51.

Yeye hakuwa mtu wa kuhangaika. Alikuwa mtu wa kuorodhesha. Kilichobadilika tangu Aprili kilikuwa nini? Kwanza, hewa. Mvua zilikuwa zimekatika miezi miwili, midomo ilikuwa ikipasuka, na kuna vilainishi ambavyo hufanya kazi vizuri penye unyevu. Aliziba madirisha kwa magunia yaliyoloweshwa, akaweka beseni tatu za maji chumbani, akasubiri hadi kioo cha saa kikafunga ukungu. 0.53. Pili, umri wa masizi. Huenda yalikuwa yameharibika kwa mwanga. Alifungua kichupa kidogo alichokuwa amekitenga gizani tangu siku ya kwanza. 0.52. Tatu, mizani. Aliikagua kwa mawe ya duka, haikuwa na kosa. Nne, kasi ya pedali; Donatille alikwenda polepole, lakini hata kwa kasi ya mizunguko sitini namba haikushuka.

Siku ya tisa hakuwa na la tano la kuandika.

Telesphor alirudi Jumatatu, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Rozalia alimpa pole, wakakaa kidogo kama inavyopasa, akamuuliza habari za wafiwa. Kisha akamweleza kwamba sahani zimeharibika, bila kujua ni kwa vipi.

"Haziwezi kuharibika," Telesphor alisema. "Nipe jioni hii."

Jumanne asubuhi alizungusha pedali. Sindano ilikaa kimya. 0.11.

Rozalia aliiandika namba hiyo. Hewa ilikuwa ileile ya jana. Masizi yaleyale, uzito uleule, gololi ileile. Kitu kimoja tu kilikuwa kimerudi kutoka Karema.

"Mzee Telesphor, jana jioni ulifanya nini na sahani?"

"Niliziosha kwa petroli."

"Halafu?"

"Nikazikausha."

"Halafu?"

"Nikazifungia." Alimtazama kama anayetafuta swali liko wapi. "Halafu nikaenda nyumbani, Mwalimu. Nikala ugali."

"Nionyeshe. Fanya mbele yangu kama ulivyofanya jana."

Alifanya. Aliosha kila sahani kwa petroli, mara mbili, kwa uangalifu. Aliikausha kwa kitambaa cheupe. Kisha, mkono wake ukiwa bado katika mwendo uleule, alitoa kabatini nyuma ya chupa za asidi kopo la maziwa lenye tambara jekundu-jekundu, akalipitisha tambara juu ya sahani mara moja kila upande. Akachukua kitambaa kikavu, akasugua hadi sahani ikawa nyeupe, kavu, haina mng'ao wala rangi ya mafuta. Akaiweka rafuni, akachukua ya pili.

"Hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Hilo tambara."

"Ah. Mawese." Alilinusa kwa adabu, lisije likawa limechacha. "Ya kwetu, ya ziwani. Nimeleta mapya juzi."

"Tangu lini unapaka mawese?"

"Tangu zilipoota kutu. Si nilikwambia niachie mimi?"

"Mbona hukusema?"

Telesphor alifikiri. Hakuwa akijitetea, alikuwa akitafuta jibu la kweli. "Mwalimu, ukifunga mlango unakwenda kumwambia mtu kwamba umefunga mlango? Kwetu hakuna mtu anayelaza chuma bila mawese. Jembe, panga, nyundo ya fundi, hata kengele ya misheni tuliipaka. Baba yangu angenichapa kwa kulaza chuma kitupu. Na ninafuta yote, angalia. Hakuna kitu pale. Hata karatasi haipati doa."

Aliichukua sahani na kuibonyeza juu ya ukurasa mweupe wa daftari. Kweli, haikuacha doa.

Rozalia alijua kilichokuwa pale. Mawese yana asidi za mafuta, na asidi za mafuta hushika chuma kwa kichwa kimoja na kusimama wima kama nyasi. Tabaka lenye unene wa molekuli chache linatosha kutenganisha vyuma viwili. Halionekani kwa macho, na kitambaa kikavu hakiliondoi. Alikuwa amelifundisha somo hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Vyuma vitupu vya siku ya kwanza vilipimwa kabla tambara halijaingia maabara. Kila kipimo cha masizi kilifanywa baada yake.

Hata hivyo hoja si ushahidi. Siku tatu zilizofuata aligawa sahani mafungu matatu. Sahani mbili, mawese peke yake bila masizi: 0.11. Sahani mbili, masizi peke yake juu ya chuma kilichosafishwa mbele ya macho yake: 0.53. Sahani mbili, vyote viwili: 0.12. Aliziweka sahani za masizi chini ya darubini ya shule. Masizi yalikuwa yameganda kuwa mabonge magumu, meusi, na nyuma ya kila bonge kulikuwa na mchirizi mahali chuma kilipokwanguliwa. Mipira haikubiringika. Ilishikana.

Kwa hiyo umbo la mviringo halikusaidia chochote, angalau kwa namna alivyolipima, na namba zilizompa nafasi zilikuwa za tambara la Telesphor.

Alimweleza Mwalimu Melkiadi ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba atamwandikia profesa. Mkuu wa shule alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe. Telesphor anajua alichofanya, hajui maana yake."

"Basi hakuna anayejua." Aliivaa tena miwani. "Rozalia, mwanangu, wewe ulidanganya?"

"Hapana."

"Ulisoma 0.11 ukaandika 0.11?"

"Ndiyo."

"Sasa kosa lako liko wapi? Nenda. Ukifika, ukikaa mwezi mmoja, ukizoea baridi, unamwambia yule profesa kwamba umegundua jambo jipya. Mtu akishakuwa ndani ya nyumba hafukuzwi kwa sababu ya mawese."

"Watarudia vipimo wiki ya kwanza. Sahani zao hazina mawese."

"Watasema vyuma vya Afrika ni tofauti."

"Hawatasema hivyo."

"Watasema nini?"

"Watasema nilidanganya. Na sitakuwa na namna ya kuonyesha kwamba sikudanganya, kwa sababu nitakuwa nilijua kabla ya kupanda ndege."

Melkiadi alitazama dirishani. Nje, kidato cha kwanza walikuwa wakifyeka. "Una miaka mingapi?"

"Unajua nina miaka mingapi."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza. Mimi nilikuwa na nafasi kama hiyo mwaka sabini na tatu. Nikasema nitakwenda mwaka unaofuata." Hakueleza kilichomzuia, na Rozalia hakuuliza. "Usipeleke barua hiyo."

"Kuna watu wamezisoma namba zile. Wamezionyesha kwa wengine."

"Waache wazisome! Kuna beringi ngapi duniani zitavunjika kwa sababu ya jedwali lako?"

"Hakuna hata moja. Namba zile hazitafika huko. Zitakufa maabara, ndani ya wiki moja." Alisimama. "Ndiyo maana haina faida kwenda nazo."

Mkuu wa shule alimwambia kwamba moyo wake ni mgumu kama sahani zake. Labda alikusudia kumsifu.

Rozalia aliandika barua ya kurasa mbili. Hakuomba radhi mara nyingi. Aliomba mara moja, katika aya ya kwanza. Aliambatanisha jedwali jipya la mafungu matatu, akaeleza mawese ni nini, akaandika kwamba uzembe ulikuwa wake kwa kutokagua utunzaji wa sahani. Jina la Telesphor hakulitaja. Mwishoni aliandika kwamba bado angependa kuja, na kwamba matokeo hasi yaliyopimwa vizuri nayo ni matokeo. Aliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara kadhaa. Ilikuwa kweli, na hakutegemea imsaidie. Aliiacha.

Barua iliondoka mwisho wa Julai. Agosti ilipita. Mama yake alituma mtu kuuliza kama sweta moja linatosha au aongeze la pili. Rozalia alijibu kwamba moja linatosha.

Jibu lilifika tarehe kumi na mbili Septemba, ukurasa mmoja. Profesa alishukuru kwa uaminifu. Alieleza kwamba maabara nyingine mbili zilikuwa zimepata jambo hilohilo kuhusu mabonge, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuyatilia shaka matumaini ya mipira. Kuhusu mawese, alisema kwa upole kwamba tabia hiyo ya asidi za mafuta ilijulikana tangu miaka ya ishirini na haikuwa na jipya la kuchapisha. Kamati ilikuwa imekutana tena. Nafasi imepewa aliyekuwa wa pili katika orodha. Alimtia moyo Rozalia aombe tena mwakani akiwa na matokeo mapya, na akaambatanisha fomu. Sharti la umri lilikuwa mstari wa nne wa fomu hiyo.

Aliikunja barua, akaiweka katika faili pamoja na zile nyingine. Kisha akaenda kwenye ofisi ya mkuu wa shule kumjulisha kwamba vipindi vyake atavifundisha mwenyewe, yule mwalimu mwingine asihamishwe.

Telesphor alikuwa akimsubiri mlangoni mwa maabara, kofia mkononi.

"Mwalimu, nimeona bahasha. Imesemaje?"

"Nafasi imejaa. Wamempa mtu mwingine."

"Si ilikuwa yako? Mkuu aliisoma pale mstarini, sote tukasikia."

"Ilikuwa yangu."

"Sasa imejaaje?" Alimtazama usoni. Mwezi wa Julai alikuwa ameona sahani zikigawanywa mafungu, ameona kopo lake likichukuliwa na kuandikwa nambari, na yeye hakuwa mjinga. "Ni lile tambara?"

Rozalia angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno dogo, na lingemfaa mzee yule kuliko ukweli. Alilipima, akaona kwamba asingelisema vizuri, na kwamba Telesphor angejua.

"Namba zilikuwa za mawese, Mzee. Masizi hayakufanya kitu. Ilinibidi niwaambie."

Telesphor aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu.

"Ningesema tu," alisema. "Siku ile ile. Neno moja."

"Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza."

"Ungeulizaje kitu usichokijua?" Alisema bila hasira. "Sisi ndio tulipaswa kujua kwamba wewe hujui. Wewe ni mtu wa Mpimbwe, nyie mnalaza majembe yenu matopeni." Alijaribu kucheka utani huo; sauti haikufika. "Nimemwomba Mkuu anipeleke bustanini."

"Kwa nini? Nani amekuambia uondoke?"

"Hakuna. Lakini humu sijui tena kipi nikiguse na kipi nisiguse. Nikiosha chupa nasimama, najiuliza, hii nayo? Mtu hawezi kufanya kazi hivyo."

"Nitakuandikia utaratibu. Kila hatua."

"Mwalimu, nina miaka thelathini na tisa kazini. Uniandikie namna ya kukausha chuma?"

 Utaratibu ungekuwa sahihi, na lisingebaki jambo lolote la kubahatisha, lakini Rozalia aliona kwamba hilo silo alilokuwa akilisema mzee. Telesphor alitoa mfukoni funguo za kabati, zilizofungwa kwa uzi wa nyavu, akaziweka juu ya meza kati yao. Akavaa kofia, akatoka, akapita uwanjani kuelekea kwenye matuta ya mchicha, ambako hakuna mtu aliyekuwa amemwambia aanze kazi siku hiyo.

Kidato cha tatu walikuwa wameshaingia, wanakokota stuli. Rozalia aliwasubiri wakae. Msichana mmoja wa mbele aliuliza kama ni kweli anaondoka mwisho wa mwezi.

"Hapana," alisema. "Fungueni daftari."